Windows haioni SSD? Andaa flashi yenye draiva ya VMD kabla ya kuanza kupiga Windows

Flashi imebuti vizuri, umefika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na ukurasa ni mtupu. Usikimbilie kununua SSD nyingine. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11 (i5-1135G7 na wenzake), laptopu nyingi hutoka kiwandani VMD (kidhibiti cha diski cha Intel) ikiwa imewashwa kwenye BIOS. SSD inakaa nyuma ya kidhibiti hicho, na ISO ya Windows (faili zima la kusimikia) mara nyingi haina draiva yake. Dawa ni kuiweka draiva kwenye flashi mapema.

1. Toa draiva kwenye mashine yenyewe

Kama Windows ya zamani bado inawaka, usihangaike na mtandao. Fungua CMD kama administreta:

mkdir C:\draiva
Dism /Online /Export-Driver /Destination:C:\draiva

Utapata rundo la folda. Unayoitaka ni ile inayoanza na iastorvd. Beba na ya Wi-Fi: kadi za Intel huanza na netwtw, za Realtek mara nyingi netrtw. Nakili folda nzima, si faili mojamoja, kisha zihamishie kwenye kompyuta utakayoandalia flashi.

2. Kama Windows haiwaki tena

Hapa ndipo mchana mzima hupotea.

Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu, weka modeli kamili, pakua draiva ya Intel RST (furushi la Intel lenye draiva ya VMD ndani). Yale mafurushi ya "madraiva yote" ya GB 20 na zaidi yaache. Yanamaliza bando na bado hujui ndani yake kuna nini.

Ulichopakua huwa ni faili la .exe, kwa mfano SetupRST.exe. Ukilitupa hivyo hivyo kwenye flashi, hujafanya kitu. Programu ya kusimika Windows hailiendeshi. Inasoma faili za .inf tu, yaani maelezo ya draiva. Ukiacha zipu bila kuifungua, ni yale yale. Lifumue kwanza kwenye kompyuta nyingine:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Watengenezaji wengine hulifunga ndani ya .exe yao, na amri hiyo haitakubali. Jaribu kulifungua kwa 7-Zip mpaka uifikie folda ya VMD. Lazima uone iaStorVD.inf, iaStorVD.sys na iaStorVD.cat zikiwa pamoja. Ikikosekana moja, draiva haitapanda.

Sasa hakikisha ni ya mashine yako. Fungua iaStorVD.inf kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F, tafuta namba ya kidhibiti chako: DEV_9A0B kwa laptopu ya kizazi cha 11. Kizazi cha 12 tafuta DEV_467F, na cha 13 DEV_A77F. Namba isipokuwemo, draiva hiyo si yako hata kama jina la faili ni lile lile. Matoleo mapya ya RST huacha prosesa za zamani, kwa hiyo "mpya zaidi" si lazima iwe "inayofaa". Ukaguzi huu ni wa nusu dakika. Kuuruka kunaweza kukurudisha mwanzo mara tatu.

3. Chora flashi kwa Rufus

Flashi ya GB 8 inatosha, 16 ni raha zaidi. Rufus ni programu ya kuandikia ISO kwenye flashi. Chagua ISO, weka GPT na UEFI, na mfumo wa faili uache NTFS kama Rufus yenyewe inavyopendekeza. FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na install.wim ya siku hizi hupita hapo. Programu nyingine, Ventoy, ni nzuri kwa kubeba ISO nyingi, lakini kwa kazi hii Rufus ina mambo machache ya kukuchanganya.

Flashi za bei ya kutupa nyingine huandikwa GB 64 huku ndani zikiwa 8. Kama huiamini, ipime kwa programu ya H2testw kabla hujaichora.

4. Weka draiva mahali zitakapoonekana zenyewe

Kwenye mzizi wa flashi, pale ilipo setup.exe, tengeneza folda inayoitwa:

$WinPEDriver$

Programu ya kusimika huitafuta yenyewe na kupandisha kila .inf iliyomo. Itengeneze kwa kubofya kulia tu. Ukitumia PowerShell na alama za nukuu mbili, utaishia na folda inayoitwa $ peke yake, kwa sababu PowerShell hudhani $WinPEDriver ni kigeugeu (variable). Ndani weka draiva ya VMD na ya Wi-Fi basi. Usirundike za sauti na kadi ya video.

Ukurasa ukiwa bado mtupu, bofya "Load driver", kisha "Browse", uonyeshe folda ya VMD. Tiki ya kuficha draiva zisizoendana iache. Orodha ikiwa tupu huku tiki ipo, una draiva isiyo yake; rudi hatua ya 2.

Kuna wanaozima VMD kwenye BIOS na kumaliza. Inafanya kazi kwa diski unayoifuta yote (kwenye Acer nyingi bonyeza Ctrl+S ukurasa wa Main ndipo chaguo lionekane). Lakini kama kuna Windows ya mteja unayotaka ibaki hai, usiguse: inaweza kugoma kuwaka kwa skrini ya bluu, na BitLocker (kufuli la diski la Windows) ikadai ufunguo ambao mwenye mashine hajui hata kama upo.

5. Wi-Fi ikigoma mwishoni

Kwenye ukurasa wa kuunganisha mtandao, bonyeza Shift+F10 (baadhi ya laptopu huhitaji na Fn), kisha:

pnputil /add-driver D:\$WinPEDriver$\*.inf /subdirs /install

Kama D: siyo flashi, jaribu E:.

Na ukikutana na ujumbe kwamba draiva ya "media" inakosekana, mapema kabla hata ya ukurasa wa diski, usianze kutafuta draiva. Mara nyingi ni ISO iliyoharibika wakati wa kupakua au tundu la USB. Hamisha flashi tundu jingine, kisha linganisha namba ya SHA256 ya ISO, inayotolewa na amri hii, na ile ya Microsoft:

certutil -hashfile Win11.iso SHA256