Namna ya Kuzuia Viungo Kukakamaa na Misuli Kunywea kwa Mgonjwa Mahututi

Misuli ya mgonjwa mahututi hunywea upesi kuliko ndugu wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba msuli wa mbele ya paja hupungua ukubwa kwa takriban asilimia 18 ndani ya siku 10. Kwa hiyo ndugu wanaofika hospitali kama Muhimbili au Mloganzila saa za kuona wagonjwa wasisubiri mgonjwa azinduke ndipo waulizie mazoezi.

Kwanza ombeni ruhusa. Mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika ambao haujaimarishwa, shinikizo kubwa ndani ya fuvu, au shinikizo la damu lisilotulia haguswi mpaka daktari aseme. Akiruhusu, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) awaonyeshe kwa mikono yake, nanyi mnawe mikono na kukagua mirija yote kabla ya kuanza.

Shika kiungo juu na chini ya maungio, ukipeleke polepole hadi pale kinapoanza kukaza, kisha ukirudishe. Mara 5 hadi 10 kwa kila kiungo zinatosha. Usivute mkono ili kumgeuza mgonjwa, kwani bega lililolegea huteguka kirahisi, hasa kwa aliyepata kiharusi.

Kifundo cha mguu ndicho kinachosahauliwa zaidi, na ndicho kinachomtesa mgonjwa anapotaka kusimama. Wayo ukiachwa umeelekea chini kwa wiki kadhaa, kano ya kisigino hufupika na kisigino hakifiki tena sakafuni. Basi usukume wayo kwa upole kuelekea goti, na baadaye uegemezwe ukiwa wima huku kisigino kikiwa hakigusi godoro. Mto unaokaa chini ya goti mchana kutwa huonekana kumstarehesha mgonjwa, lakini hulizoesha goti kujikunja, kwa hiyo uondolewe. Kanga safi iliyoviringishwa, ikiwekwa kando ya paja, huuzuia mguu usilalie nje.

Kunyooshwa na mtu mwingine hulinda maungio, lakini hakutoshi kurudisha nguvu za misuli. Mgonjwa akianza kufuata maelekezo, mwambie akubane kidole, apinde kifundo, ainue goti, na timu ikikubali aketishwe ukingoni mwa kitanda hata kama bado anapumua kwa mashine. Asiharakishwe: acheni mara moja na mwite muuguzi mapigo ya moyo yakipanda ghafla, oksijeni ikishuka, au mgonjwa akionyesha maumivu.

Ulizeni pia kuhusu protini, maana misuli haijengwi kwa uji mtupu; kiasi na njia ya kumlisha vipangwe na mtaalamu wa lishe, wala msimpe chochote mdomoni kabla hajapimwa uwezo wake wa kumeza.

Kabla ya kuondoka, mwambieni muuguzi wa zamu ni kiungo kipi kimekuwa kigumu kuliko jana, ili mtaalamu wa fiziotherapia aanze nacho atakapopita.