Kiini cha seramiki cha panga la tabini: kukitengeneza, kisha kukitoa

Mapanga ya tabini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto) kwenye injini ya ndege, au kwenye mitambo ya gesi ya kufua umeme, hupigwa na gesi yenye joto linalopita kiwango cha kuyeyuka cha aloi (mchanganyiko wa metali) yenyewe. Yanasalimika kwa sababu ndani yana vijia vya hewa ya kupozea, vilivyopindapinda kiasi kwamba keekee haivifikii. Vijia hivyo huachwa na kiini cha seramiki: unakizungushia metali, halafu unakiyeyusha kwa kemikali.

1. Mchanganyiko. Kanda unga wa kioo cha silika na zirkoni (madini yanayostahimili moto) kidogo kwa nta ya moto. Changanya chembe kubwa na ndogo, la sivyo kiini kitasinyaa mno.

2. Umbo. Sukuma mchanganyiko huo kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma. Kikitoka, kwangua kingo zilizozidi.

3. Kuchoma. Hapa usiwe na haraka. Kifukie kwenye unga wa alumina (oksidi ya alumini), unaonyonya nta na kukizuia kisipinde. Pandisha moto taratibu mpaka nta iishe yote, kisha nenda hadi kati ya nyuzijoto 1,100 na 1,250 za Selsiasi. Sehemu ya silika itageuka fuwele za kristobalaiti. Zikiwa chache mno, kiini kitalegea metali ikimiminwa; zikizidi, kitapasuka kikipoa, kwa kuwa fuwele hizo husinyaa ghafla joto likishuka kati ya 270 na 200. Mimi huegemea kwenye uchache, maana nyingine zitajitengeneza ganda la seramiki la hatua ya 4 litakapopashwa moto.

4. Nta, ganda na kumimina. Zungushia kiini nta yenye umbo la panga, mkia wa kiini ukitokeza ili ganda liukamate. Penyeza vipini vya platinamu viguse kiini; ndivyo vitakavyokishikilia nta ikitoka. Chovya kwenye uji wa seramiki, nyunyizia chenga, kausha, rudia. Toa nta kwa mvuke, choma ganda, mimina aloi ya nikeli ndani ya ombwe.

5. Kukitoa kiini. Vunja ganda, tumbukiza panga katika kostiki soda ya moto ndani ya chungu cha shinikizo. Silika hugeuka silikati ya sodiamu na kuyeyuka, nikeli hustahimili. Kinachosumbua ni kostiki iliyochoka kutuama kwenye kona. Basi shusha shinikizo ghafla: itachemka humo humo ndani na kujisukuma nje, mpya iingie. Zile nyufa za kristobalaiti ulizoziogopa mwanzo sasa zinakufaa, kwani kostiki hupenyea humo. Zirkoni hutoka kama mchanga. Vaa ngao ya uso na glavu ndefu, kostiki hupofua. Suuza sana.

6. Ukaguzi. Usitegemee eksirei peke yake, mabaki ya silika hufichwa na nikeli. Loweka panga kwenye myeyusho wa gadolini (metali inayonasa nyutroni), suuza, upige picha ya nyutroni: mabaki yaliyonyonya gadolini yataonekana waziwazi. Yakionekana, panga linarudi chunguni.