Mtoto wa mbwa aliyetolewa kwa mama mapema: namna ya kumuokoa, na cha kufanya ukimpoteza

Wangu aliishi kwangu siku tano tu. Muuzaji aliniambia ana wiki nane na mimi nikaamini kwa sababu alikuwa mnene, kumbe ule unene ulikuwa tumbo la minyoo, na ule mwendo wake wa kuyumbayumba niliokuwa naufurahia ulikuwa wa mtoto aliye kwenye wiki ya nne au ya tano hivi. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akaangalia meno, hata dakika haikuisha akaniambia huyu alitakiwa awe bado kwa mama yake. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye saa hizi ana mtoto kama huyo ndani, bado anapumua, bado kuna la kufanya.

Anza na umri, na usitegemee maneno ya mtu. Meno ya utoto yanaanza kutoka kama wiki ya tatu, na mpaka wiki ya nane yanakuwa yote 28. Mfungue mdomo taratibu. Kama meno ya mbele ndo kwanza yanachungulia na kule nyuma fizi ni tupu, huyo hajafika wiki sita, hata aliyekuuzia aape vipi. Alama nyingine ni sahani: ukimwekea chakula laini anaingiza pua nzima, anapiga chafya, hajui kulamba, ujue hakumaliza kufundishwa na mama.

Kama hajaanza kuumwa, umemchukua leo au jana, na mama yake yupo mzima, ongea na muuzaji umrudishe akae mpaka wiki nane zitimie. Najua inauma maana ukishambeba kifuani ndo basi, lakini hakuna chupa wala blanketi linalomfikia mama. Pale kwa ndugu zake ndo anajifunza pia kung'ata bila kuumiza, akivuka mipaka mwenzake analia na mchezo unakatika. Ila kama anaharisha, anatapika au amelegea, usimrudishe kundini, nenda kwa daktari moja kwa moja.

Kurudisha kukishindikana, cha kwanza ni joto, kabla hata ya chakula. Mtoto aliyepoa tumbo lake halifanyi kazi, ukimlisha hivohivo maziwa yanalala tumboni au yanaingia mapafuni. Chukua boksi, weka nguo laini, halafu chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo uiweke upande mmoja tu ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Akishapata joto ndo unamlisha.

Maziwa ya ng'ombe achana nayo, yanamharisha, na mtoto mdogo vile kuharisha siku moja tu kunammaliza maji. Kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, muulize daktari wa mifugo. Akiwa ameanza kula, loweka chakula cha watoto wa mbwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe kama uji mzito. Anayenyonya chupa mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu maana atapaliwa.

Na mlishe usiku. Hapa ndo nilipokosea mimi. Nilimlisha saa nne usiku akashiba, nikalala mpaka saa kumi na mbili asubuhi nikifikiri kwa kuwa halii basi yuko sawa, na nilipofungua boksi alikuwa wa baridi, kichwa kinacheza, miguu haimbebi. Daktari alinieleza kwamba mwili mdogo vile hauna akiba ya sukari, masaa manane bila kitu ni mengi mno. Kwa wiki nne au tano mpe kila baada ya masaa manne mpaka sita, weka alamu kwenye simu. Ukimkuta amelegea, anatetemeka au anayumba kuliko kawaida, paka asali au glukosi kidogo kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie mdomoni maana anaweza kushindwa kumeza, mfunge kwenye kitu cha joto na utoke naye kwenda kwa daktari hapohapo. Asali inakupa muda wa kufika tu, usione amefungua macho ukasema amepona ukarudi kulala.

Mpime uzito kila siku saa ileile, mzani wa jikoni unatosha. Anatakiwa aongezeke. Siku aliyopungua usisubiri kesho.

Minyoo nayo, watu wanaidharau sana. Mtoto anaipata akiwa bado tumboni mwa mama na nyingine kwenye maziwa, kwa hiyo hata aliyekaa pasafi anaweza kuwa nayo, na ipo inayokunywa damu kabisa. Fungua mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe ameishiwa damu na hiyo ni dharura. Dawa ya minyoo inaanza wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, lakini kipimo kinaenda na uzito, usikadirie mwenyewe. Wote nyumbani mnawe mikono, hasa watoto, hiyo minyoo inaingia kwa watu pia.

Halafu kuna parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Kinga yake ya mwanzo mtoto anaipata kwenye dang'a, yale maziwa ya siku ya kwanza, nayo inapungua taratibu kati ya wiki ya 6 na ya 16, na mama ambaye hakuwahi kuchanjwa anaweza asiwe na kinga ya kumpa. Chanjo zinaanza wiki ya 6 mpaka 8, zinarudiwa kila wiki mbili mpaka nne hadi afike wiki 16, na kabla hazijaisha usimshushe chini pale wanapopita mbwa usiowajua. Akikataa kula, akatapika, akaharisha damu yenye harufu kali, ni daktari siku hiyohiyo. Dripu na dawa za kuzuia kutapika zinaokoa wengi wakiwahi. Paracetamol na ibuprofen usimpe, zinamuua.

Sasa akifa.

Kaa naye kidogo, lia kama kilio kipo. Kama hujui kilichomuua na una mbwa wengine, muulize daktari kama anaweza kumpasua aangalie. Mfunge vizuri umweke sehemu ya baridi, friji ni sawa ila siyo kwenye barafu, maana akiganda vipimo vinaharibika. Watoto waambie amekufa, usiseme amesafiri, watamsubiri mlangoni.

Ikiwa ni parvo au hujui ni nini, safisha kwanza kwa sabuni halafu blichi ya klorini, sehemu moja kwa maji sehemu 30, iache dakika kumi ndo ufute. Sabuni peke yake haiui hicho kirusi. Matandiko yake tupa au choma. Udongo wa nje hausafishiki hivo, na kirusi kinaweza kukaa humo miezi mingi mpaka mwaka, kwa hiyo usilete mtoto mwingine pale, na muuzaji akikuahidi kukupa mwingine kutoka kundi lilelile kama fidia, kataa.

Ila muuzaji mpigie, hata kama una hasira naye, mimi nilikuwa nayo na bado nikapiga. Mwambie daktari kasema nini na umuombe namba za waliochukua wale wengine, maana tumbo ni moja na shida ni moja. Mimi nilimpata dada mmoja aliyechukua jike la kundi lile, alikuwa anampa maziwa ya ng'ombe na kumlaza sakafuni. Nikamwambia aangalie fizi akiwa bado kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema nyeupe. Alimpeleka mchana uleule.