Jinsi ya kusoma takwimu za uzalishaji wa madini: tuanze na kobalti

Kila mwanzo wa mwaka, idara ya jiolojia ya Marekani (USGS) hutoa bure muhtasari wa madini ya dunia nzima. Upakue, fungua ukurasa wa kobalti (metali inayotumika kwenye betri), kisha fuata hatua hizi.

1. Angalia makadirio. Mwaka wa mwisho kwenye jedwali huwa ni makadirio. Toleo la 2023 liliipa Kongo (DRC) tani 130,000 kwa mwaka 2022. Toleo lililofuata likapandisha hadi 144,000. Kwa kila mwaka, chukua tarakimu ya toleo jipya kabisa. Ukichanganya matoleo, grafu itaonyesha ongezeko ambalo halikutokea.

2. Angalia kipimo. Tani hizo ni za kobalti tupu iliyomo kwenye mawe. Malori yanayotoka Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, hubeba hidroksidi (unga wa kobalti ambao haujasafishwa kabisa), ambayo kobalti yake ni kama theluthi tu ya uzito. Usilinganishe tani za jedwali na takwimu za forodha kabla ya kupiga hesabu hiyo.

3. Uliza inachimbwa pamoja na nini. Hapa usiwe na haraka. Mwaka 2022 bei ya kobalti ilipita dola 80,000 kwa tani. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 25,000. Hata hivyo mwaka 2024 Kongo ilitoa takriban tani 220,000 kati ya 290,000 za dunia, kuliko wakati wowote kabla. Bei inaanguka, mzigo unaongezeka. Kwa nini? Fungua ukurasa wa shaba: Kongo imeipita Peru, ikiwa na takriban tani milioni 3.3. Huko Katanga, kusini mwa Kongo, shaba na kobalti hukaa kwenye jiwe moja, na mwenye mgodi anafuata shaba. Indonesia, ya pili kwa kobalti, inafuata nikeli. (Bou Azzer, Moroko, ni tofauti: pale kobalti ndiyo inayotafutwa.) Kwa hiyo chora kobalti na shaba kwenye grafu moja. Grafu ya kobalti peke yake, inayosifiwa kwamba inaonyesha mahitaji ya betri, inapotosha watu kila siku.

4. Tenganisha kuchimba, kusafisha na kuuza nje. Sehemu kubwa ya kobalti husafishwa China. Tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuiuza nje, na Oktoba ikaanza mgao: kila kampuni ikapewa kiasi inachoruhusiwa kuuza nje. Shaba iliendelea kuchimbwa, kobalti ikarundikana maghalani. Weka alama ya tarehe hizo mbili kwenye grafu yako, na safu ya mauzo ya nje iwe mbali na safu ya uzalishaji.