Kabla ya kufunga turbo kwenye Starlet: pesa ndogo ianzie wapi

Wengi wanaotaka turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kiisukumie injini hewa zaidi, huanza kwa kununua turbo. Wanaiona Ilala, Dar es Salaam, imepangwa mezani, bei inavumilika, wanaibeba. Kisha inalala chini ya kitanda mwaka mzima huku gari likidai rejeta, klachi, pampu ya mafuta na kontroliboksi (kompyuta ya injini). Mimi nashauri kinyume chake: turbo iwe kitu cha mwisho kununua. Shilingi za mwanzo ziende kwenye gari lenyewe, maana karibu kazi zote zilizo hapa chini zitakufaa hata ukighairi katikati.

Mfano wangu ni Toyota Starlet yenye injini ya 4E-FE. Spea zake zinapatikana, mafundi wanaijua, na Toyota wenyewe walishaitengenezea ndugu yenye turbo, kwa hiyo hatubahatishi kila kitu. Ukiwa na Corolla au gari jingine la zamani la petroli, utaratibu ni huuhuu. Badilisha vipimo tu.

Hatua ya 1: Jua injini yako inaweza kubeba nini

4E-FE ina cc 1,331 na uwiano wa kompresheni wa 9.6 kwa 1. Ndugu yake 4E-FTE, iliyokuwa kwenye Starlet GT Turbo na baadaye Glanza V, ina cc zilezile, lakini kompresheni ilishushwa hadi 8.2 kwa 1. Hiyo ndiyo iliyotoa nguvu za farasi 135 ikitoka kiwandani.

Toyota hawakuishusha kwa kupenda. Hewa iliyokwisha kubanwa na turbo ikiingia kwenye silinda inayobana tena mara 9.6, joto linapanda mpaka mchanganyiko unajiwasha wenyewe nje ya wakati wake. Injini inagonga. Wakati mwingine kelele ya eksozi inaficha mlio huo, na unakuja kujua siku moshi wa bluu unapotoka nyuma, kingo za pistoni zikiwa zimeshakatika.

Kwa hiyo kama unabaki na pistoni za 4E-FE, jiwekee dari ya presha ya turbo ya bar 0.4. Hapo tarajia nguvu kuongezeka kwa robo, pengine theluthi, mambo yakikaa sawa. Anayekuahidi kukuzidishia nguvu mara mbili kwa pistoni hizohizo anauza kitu.

Hatua ya 2: Pima kompresheni, tena vizuri

Usiruke hatua hii hata kama gari linawaka kwa nusu ufunguo. Kipimo si ghali, na gereji nyingi watakuazima au kukupimia kwa pesa ya soda.

Washa injini mpaka ipate moto wa kawaida, kisha izime. Chomoa plagi zote nne. Chomoa plagi ya umeme ya distribyuta na za injekta ili isirushe moto wala petroli. Hakikisha betri imejaa. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata mpaka mshale wa kipimo uache kupanda, andika namba. Rudia kila silinda.

Injini nzima ya aina hii husoma karibu bar 13. Silinda yoyote ikishuka chini ya 10, au silinda mbili zikipishana zaidi ya bar 1, mradi wa turbo unasimama hapo mpaka ujue sababu. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Jambo moja ambalo mafundi wa pwani hulisahau: namba hizo ni za usawa wa bahari. Mbeya iko juu kwa takriban mita 1,700, Nairobi vilevile, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini inayosoma bar 13 Dar es Salaam inaweza kusoma kama 10.7 ikipimwa Mbeya, na haina ugonjwa wowote. Ukiwa nyanda za juu, zingatia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda.

Hatua ya 3: Hapa amua njia

Kama kompresheni imefeli, usifanye ovaholi ya 4E-FE ili uje uifunge turbo. Piga hesabu ya kununua 4E-FTE nzima ya mtumba kutoka Japani. Kwa jinsi ninavyozijua gharama, ukijumlisha ringi, beringi, gasketi, manifoldi, injekta na kontroliboksi, mara nyingi injini kamili inashinda, na inakuja na pistoni zilizoundwa kwa kazi hiyo.

Ila neno "kamili" lisimamie. Nunua nozikati, yaani kipande kizima cha mbele cha gari, au angalau injini yenye waya zake zote, kontroliboksi yake, sensa ya presha ya hewa na giaboksi. Muuzaji akisema kontroliboksi "utaipata tu", punguza bei kwa ukali au ondoka. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna uji mweupe ndani, dalili kwamba maji na oili vimekutana. Na ukibadilisha injini, namba yake haitalingana tena na kadi ya gari. Nenda TRA na risiti zako ibadilishwe, usisubiri trafiki au mtu wa bima akuambie.

Kama kompresheni iko vizuri, endelea na 4E-FE yako.

Hatua ya 4: Mfumo wa kupoza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo magari yetu mengi yalipoharibiwa kitambo kabla hujayanunua.

Kwanza, tafuta kama themostati ipo, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Magari mengi yanayopita gereji zetu yameshang'olewa themostati na fundi aliyesema "huku kwetu kuna joto, haihitajiki". Inahitajika. Injini isiyofikia joto lake inaiambia kontroliboksi kwamba bado ni baridi, kontroliboksi inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakwisha. Na ukija kuweka mipangilio ya turbo juu ya injini ambayo joto lake linayumba, mipangilio yote inakuwa ya uongo. Rudisha themostati inayofunguka karibu nyuzi 82.

Pili, rejeta. Kama imenywea maji ya bomba au ya kisima kwa miaka, ndani kuna magadi. Ishike injini ikiwa ya moto na feni imezimika, kwa uangalifu: sehemu zilizo baridi ni njia zilizoziba. Rejeta iliyoziba sana usiipeleke kuzibuliwa kwa waya, nunua nyingine. Weka kifuniko kipya chenye presha sahihi, mipira mipya, na kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Rangi ya kijani peke yake haithibitishi kuwa ni kulanti.

Tatu, usiuamini mshale wa joto wa dashibodi. Umetengenezwa ukae katikati ili dereva asiwe na wasiwasi, na ukianza kupanda mambo yameshaharibika. Funga geji ya joto inayoonyesha namba.

Kisha lipeleke gari mlimani kabla ya turbo. Kwa wanaopita barabara ya Iringa, Kitonga ni mtihani wa bure: panda mchana, umebeba watu, nyuma ya lori. Kama namba inapita 100 bila turbo, usiniulize itakuwaje ukiwa nayo.

Hatua ya 5: Oili

Mhimili wa turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana kwa sekunde chache, beringi zinaungua. Kwa hiyo funga geji ya presha ya oili kwanza, kwenye tundu la swichi ya oili, kwa kutumia kiungo cha njia tatu. Tundu hilohilo ndilo litakalolisha turbo baadaye. Injini ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 3,000 unataka kuona bar 2.5 hadi 5. Ikiwa chini ya hapo, tafuta pampu au beringi.

Oili inayotoka kwenye turbo hushuka kwa uzito wake tu, haisukumwi. Mrija wa kurudi uwe mpana, usipungue milimita 12 kwa ndani, uteremke moja kwa moja bila kupanda mahali popote, na uingie kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Sampu ishushwe ndipo itobolewe na kuchomelewa. Fundi anayetaka kuitoboa ikiwa juu ya gari akuambie kwanza vyuma vidogo vitakwenda wapi.

Kagua pia valvu ya PCV, ile inayopumulisha injini. Ipulize kwa mdomo: ipitishe hewa upande mmoja tu. Ikiwa imekufa, presha ya turbo itaingia kwenye sampu na oili itatafuta pa kutokea kwenye kila sili. Kwa joto la Dar 10W-40 inatosha, ibadilishwe kila kilomita 3,000. Inunue kwa wakala au kituo cha mafuta unachokiamini, kwa sababu makopo yaliyojazwa upya yapo.

Hatua ya 6: Petroli, moto na akili ya kuviongoza

Starlet haina kipima hewa kwenye bomba la kuingizia. Kontroliboksi hukadiria hewa kwa kusoma presha ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ya 4E-FE haikuandaliwa kusoma presha inayozidi ile ya nje. Turbo ikianza kusukuma, haijui kinachotokea, na petroli inabaki pungufu wakati inapohitajika zaidi.

Hapa ndipo fungu kubwa la bajeti liende. Kuna wanaofunga rejuleta ya petroli inayopandisha presha kadiri turbo inavyosukuma, wakaacha kontroliboksi ya zamani. Ni rahisi, lakini haigusi muda wa moto (wakati ambapo cheche ya plagi inapigwa), na moto unaotangulia mno ndio unaoleta kugonga. Mimi siifungi. Tafuta kontroliboksi inayoweza kupangwa upya, hata ya mtumba, pamoja na mtu anayeweza kuipanga. Mtafute huyo mtu kabla ya kununua kifaa, maana atakuambia kipi anakifahamu.

Injekta: kwa lengo la farasi 120 kwenye silinda nne, kila injekta inahitaji uwezo wa takriban cc 235 kwa dakika ili isifanye kazi zaidi ya asilimia 80. Kabla ya kuzifunga pima ukinzani kwa mita. Zikisoma ohm 2 au 3 na kontroliboksi imeandaliwa kwa 13 au 14, utaunguza saketi zake. Weka pampu mpya ya mafuta na filta mpya. Pampu ya miaka zaidi ya 20 iliyofanya kazi kwenye tangi lenye mchanga sitaki hata kuijadili.

Plagi ziwe baridi kwa daraja moja. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, kwa hiyo 5 inakuwa 6. Uwazi wake uurudishe hadi milimita 0.7 au 0.8 ili presha isiizime cheche. Hakikisha muda wa moto kwa taa ya taiming: unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, usome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kileleni.

Na lazima uwe na geji ya mchanganyiko, inayoonyesha sehemu ngapi za hewa kwa moja ya petroli, yenye sensa ya masafa mapana. Hiyo si mapambo. Turbo ikisukuma unataka kuona 11.5 hadi 12. Ikipita 12.5, ondoa mguu.

Kuhusu petroli yenyewe, Glanza V ilitengenezewa petroli ya daraja la juu la Japani, ambayo okteni yake, yaani uwezo wake wa kuzuia injini kugonga, haipungui 96. Ukijaza ya daraja la chini, mpangaji acheleweshe muda wa moto. Usijaze kutoka kwenye madumu ya barabarani. Mafuta ya taa kidogo tu yakichanganywa, okteni inaanguka. Serikali huweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ya vituo kwa sababu ya mchezo huo.

Hatua ya 7: Kusimama na kushika

Fupi: pedi na diski nzuri, oili ya breki mpya ya DOT 4, klachi isiyoteleza, mabushi mazima. Tairi za mtumba zisome tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka. Giaboksi ya Starlet isiyo na turbo ni nyepesi kuliko ya GT. Kwa bar 0.4 itavumilia ukiacha kuondoka kwa kurusha klachi.

Hatua ya 8: Sasa nunua turbo

Chukua ndogo ya kiwandani, kama CT9 ya 4E-FTE yenyewe, inayoanza kusukuma mapema. Shika mhimili kwa vidole: mchezo mdogo sana wa pembeni ni kawaida, wa kwenda mbele na nyuma usiusikie kabisa. Majani yasiwe na pengo wala alama za kugusa ukuta. Oili nyingi upande wa kompresa inamaanisha sili zimekwisha. Nenda dukani na gasketi yako ya eksozi mfukoni, uilaze juu ya manifoldi uone kama matundu yanakutana kabla hujalipa. Na intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) iwekwe mbele ya rejeta kama una nafasi, kwa sababu ile ya juu ya injini hupata joto sana kwenye foleni.

Siku ya kuwasha, jaza oili kwenye tundu la turbo kwa mkono, chomoa moto na injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Ndipo uunganishe na kuwasha. Acha injini ipate moto bila kukanyaga, kagua uvujaji wa oili na kulanti, zima, kaza tena nati za manifoldi ikishapoa. Kilomita 500 za kwanza endesha kwa presha ya springi ya westigeti tu (valvu inayozuia turbo isisukume kupita kiasi), ukiwa na mtu pembeni anayesoma geji ya mchanganyiko wakati wewe unatazama barabara.