Ukitajiwa Ajira za Bomba, Uliza Hivi
Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia kwetu Chongoleani. Mwanasiasa akitaja maelfu ya ajira, nyoosha mkono: za muda gani? Kuchimba mtaro na kuunga mabomba kuna mwisho. Wanaobaki ni walinzi na mafundi wachache. Kule Marekani, ripoti ya serikali ya 2014 kuhusu mradi wa bomba la mafuta la Keystone XL ilikadiria ajira 42,100 wakati wa ujenzi, zikiwemo zisizo za moja kwa moja, kisha 50 hivi tu bomba likianza kazi. Kwa hiyo uliza pia kama mama lishe na madereva wamehesabiwa. Anayedai hakuna faida yoyote abanwe vilevile, maana mshahara wa ujenzi nao husomesha watoto. Dai majibu yaingie kwenye muhtasari wa mkutano.