Shifti yako ya kwanza ndani ya ambulensi: jiandae hivi

Nafanya kazi kwenye ambulensi hapa Mombasa, na mara kwa mara tunaletewa wanafunzi wa EMT (wahudumu wa dharura za kiafya) wazunguke nasi. Wengi huja wamekariri kitabu kizima, kisha wanakwama kwenye droo: hawajui kitu gani kiko wapi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu gari likiwa bado limesimama.

Hatua ya 1: Miezi kadhaa kabla

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni sindano 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Ukisubiri wiki ya kuripoti, umechelewa. Uliza pia mapema: nikijidunga sindano iliyotumika, namwambia nani, na dawa za kuzuia VVU napewa wapi? Dawa hizo huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyokukinga vizuri.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia shifti

Tayarisha viatu vya kufunika visivyoteleza, suruali yenye mifuko, kalamu 2, kijitabu, na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Pete na bangili ziache nyumbani. Asubuhi kula ushibe, mahamri kwa mbaazi hata, na ubebe maji.

Hatua ya 3: Fika nusu saa kabla, ufungue kila droo

Salimia wenyeji wa gari, waambie umefundishwa nini na nini hujaruhusiwa kufanya. Kisha omba kukagua gari pamoja nao. Gusa kila kifaa, ukitaje kwa sauti.

Siku moja tulimbeba bibi aliyelegea, akaanza kutapika akiwa chali. Tukamgeuza ubavu, nikamwomba mwanafunzi mrija wa mashine ya kufyonza. Mrija aliujua, darasani alishautumia. Akafungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mikono inamtetemeka. Nikanyoosha mkono nikauchukua mwenyewe. Ulikuwa umening'inia nyuma ya goti lake. Kosa lilikuwa langu, maana nilimpandisha garini bila kumwonyesha. Siku hizi hatuondoki kabla mwanafunzi hajanionyesha, macho amefumba, vitu 5: mrija huo, ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua), barakoa ya oksijeni, glavu na kola ya shingo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya oksijeni

Usiridhike kuona mtungi upo. Zidisha ujazo wa mtungi kwa presha inayoonyeshwa na geji. Mtungi wa lita 10 wenye presha ya baa 50 una takriban lita 500 za oksijeni. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, una dakika 50, na hizo usizipange zote. Ukitoka Likoni, ambako huvukwa kwa feri, hata kama ambulensi hupishwa, feri ikiwa ng'ambo utaisubiri. Na usiguse mtungi ukiwa na mafuta mikononi, hata ya kujipaka. Oksijeni na mafuta huwaka.

Hatua ya 5: King'ora kikilia

Kaa, funga mkanda, vaa glavu. Ukifika usikimbie. Shuka na begi uliloambiwa ushike, mfuate kiongozi wako.

Hatua ya 6: Mbele ya mgonjwa

Kama ni mtu mzima na anazungumza, anza na shikamoo, jina lako, na ruhusa ya kumgusa. Ukilazimika kumfunua mama, omba leso (khanga) kwa jamaa zake umsitiri. Iko karibu nyumba zote za kwetu.

Kazi utakayopewa mara nyingi ni vipimo. Pumzi ndiyo wanafunzi huibahatisha. Shika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku unatazama kifua, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa pumzi huibadilisha. Hesabu sekunde 30, zidisha mara 2. Kama zinaenda ovyo, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukipata 32, sema papo hapo kwa sauti, usingoje kuulizwa.

Moyo ukisimama, huenda ukaitwa kukandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mkipokezana kila dakika 2. Ukichoka kabla, sema.

Simu ibaki mfukoni. Picha ya mgonjwa hata moja usipige. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda, na hata isingekuwepo, yule ni mama wa mtu.

Hatua ya 7: Mkishamkabidhi mgonjwa hospitalini

Sikiliza kiongozi wako anavyomkabidhi kwa muuguzi: umri, tatizo, vipimo, alichofanyiwa. Andika mpangilio huo, jina la mgonjwa usiandike. Kisha rudi garini usaidie kusafisha. Penye damu tunatumia klorini ya asilimia 0.5. Swali ulilolibana kule ndani, liulize hapo, mkiwa mnafuta machela.